Franga za redevansi: Washington, Oslo, Kinshasa na ofisi ya komini yetu

Kila mara mvua kubwa inanyesha na barabara inakatika, watu wanarudilia ulizo moja: komini inapata franga za kampani, zinaendaka wapi? Mu Fungurume wanauliza, mu Kolwezi wanauliza, mu Kipushi vilevile. Jibu la kawaida ni kama bugumesta amekula. Pengine amekula kweli, hatuko hapa kwa kumutetea. Lakini nyuma ya ulizo lile kuko lingine, lenye halisemwi sana: nani alikata shauri ya kuwa komini ipate franga za shaba na kobalti? Na mbele ya hapo, nani alikata shauri ya kuwa isipate kitu?

Wengi watajibu: Kinshasa. Ni kweli, sheria zinapigiwa kura Kinshasa na Raisi anaweka sinyatire. Lakini mutu mwenye anafuata habari ya mine tangu miaka 20 na zaidi anajua kama mu chumba ile kulikuwa wageni wengine wamekaa. Kulikuwa Banki ya Dunia na Fonds ya pesa ya kimataifa (FMI), zote mbili za Washington. Kisha kukaja ITIE, chama cha kuonyesha wazi mapato ya mine, chenye ofisi yake iko Oslo, mu Norvege. Wageni hawa hawachagulake bugumesta, hawatumake polisi. Hata hivi, wamegeuza mara mbili namna Kinshasa, jimbo na komini wanasukumana juu ya franga. Mara ya kwanza walitia nguvu mu mikono ya Kinshasa. Mara ya pili walifungua mulango kidogo kwa komini na sheferi.

Wakati Gécamines ilikuwa komini

Tuanze pale wazee wetu wanaanzaka. Mbele, mu Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kambove, Kipushi, nani alikuwa mwenye muji kweli? Haikuwa bugumesta. Ilikuwa Gécamines, na mbele yake Union Minière. Nyumba ilikuwa ya kampani, masomo ya kampani, hospitali ya kampani, maji ya kampani, mposho inatoka kampani. Komini ilikuwa inaandika kuzaliwa na kufa, inakusanya kodi ya soko, basi. Mutoto alikuwa anazaliwa mu hospitali ya kampani, anasoma mu masomo ya kampani, na akikomaa anaingia kazi pale baba yake anatokea.

Gécamines ikaanguka. Sababu tunazijua: mine ya Kamoto ilibomoka mu 1990, mashini zilizeeka, Leta ilikuwa inakamua na haitie kitu, kisha ikaja vita. Wakati Banki ya Dunia ilirudi kusaidia Congo, kuanzia 2001, ilikuta kampani yenye haiwezi tena kulipa watu wake. Ikatoa feza kwa kupunguza wafanyakazi. Ile njo ile tunaitaka mpaka leo "départ volontaire", mu 2003 na 2004: wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka kwa mara moja. Wengi walikuwa na miaka mingi ya kazi na walikuwa wanadai mishahara ya miezi na miezi. Wenye walitoka mpaka sasa wanasema hesabu haikuwa ya haki. Mu 2009 wamoja waliandikia mashitaki yao Banki ya Dunia yenyewe, ku ofisi yake ya kusikiliza watu wenye wanaona mradi wa Banki uliwaumiza. Angalieni njia ya barua ile. Haikupita ku komini, haikupita kwa guvernere, haikusimama Kinshasa. Mufanyakazi wa Katanga anaandikia Washington moja kwa moja, kwa sababu anafikiri kule njo kuko mukubwa wa kweli.

Ya kazi watu wanakumbuka. Ya komini haisemwake. Siku Gécamines iliacha kushona barabara, kupeleka maji na kulipa walimu, muzigo ule haukupotea. Ulianguka juu ya komini na jimbo, na hakuna mutu aliwaza kuandika mu programu franga zenye zitafuata muzigo. Kampani mupya zilizokuja kisha, zenye mitaji ya inje, zilisema wazi: sisi tunalipa kodi, mambo ya masomo na maji muulize Leta. Na Leta yenye ilikuwa karibu na watu, ile ya komini, ilikuwa na kiti na meza.

Sheria ya 2002 na mufuko moja wa Kinshasa

Sheria ya mine ya 11 Julai 2002 iliandikwa na musaada mukubwa wa Banki ya Dunia. Mawazo yake yalikuwa rahisi. Mwenye anatoka inje kuleta mitaji hapendi kukutana na wakubwa kumi wenye kila mumoja anauliza yake. Anataka mulango moja. Kwa hiyo ruhusa za kuchimba zikawekwa mu kitabu kimoja, kwa CAMI, Kinshasa: mwenye anaandika wa kwanza njo anapata. Waziri wa mine njo anatoa ruhusa. Hata eneo la makreuzeri, ile ZEA, ni waziri njo anaifungua na kuifunga. Sultani mwenye udongo ni wa bababu zake alikuwa anasikia habari ya karee mupya wakati gari za kampani zimekwisha kufika.

Redevansi vilevile. Mu sheria ile, shaba ilikuwa inalipa 2 %, na ile 2 % haikuhesabiwa juu ya bei yote ya mauzo. Walikuwa wanatosha kwanza transipori, asiransi, na gharama zingine za kuuzisha. Franga zikishapatikana ziligawanywa mu karatasi: 60 % kwa Kinshasa, 25 % kwa jimbo, 15 % kwa muji ao teritware penye mine iko. Lakini zote zilikuwa zinaingia kwanza mu mufuko wa Kinshasa, kisha Kinshasa inapaswa kurudisha. Wenye walifanya kazi mu ofisi za teritware miaka ile wanajua kama kile kilikuwa kinarudi kilikuwa kidogo, kilikuwa kinachelewa, na mara nyingi hakikurudi kabisa.

Halafu ikaja Katiba ya 2006. Kifungu cha 175 kinasema majimbo yanapata 40 % ya mapato ya taifa, na 40 % ile inashikwa palepale penye inapatikana, haiendi kwanza Kinshasa. Katanga ilifurahi sana, kwa sababu ilikuwa inatoa mingi. Ile kushika palepale haijafanyika. Kinshasa iliendelea kukusanya yote na kurudisha kile inataka, siku inataka.

FMI haikuandika nafasi yoyote kama majimbo yasipate. Lakini FMI inafanyaka kazi kwa namna moja: inafanya mapatano na minisita wa feza na guvernere wa Banki kuu. Hao njo wanaweka sinyatire ku barua, hao njo wanahukumiwa kama deni limepanda ao franga zimetoka bila mupango. Mutu mwenye atahukumiwa juu ya hesabu ya inchi nzima hatapenda kuachilia 40 % mu mikono ya watu wenye yeye hawezi kukaripia. Na FMI yenyewe inapenda mapato yote yaonekane mu konti moja ya Leta. Kwa mwenye kufanya hesabu ni jambo la akili. Kwa guvernere wa Katanga ilikuwa ukuta.

Kuko sababu ingine, ya kisheria, yenye haisemwi sana mu gazeti. Kampani ikiona imeumizwa, mikataba mingi inaipa haki ya kupeleka Congo mu tribinali za inje. Pale inje, kosa la guvernere ao la bugumesta linahesabiwa kama kosa la Congo nzima. Kinshasa njo italipa. Basi kila mara jimbo linaanzisha taksi mupya ao kusimamisha makamio ku Kasumbalesa, mu Kinshasa kuko mutu anaogopa. Woga ule unaipa Kinshasa sababu nzuri ya kushika kamba fupi. Pengine sababu ni ya kweli, pengine ni kisingizio.

Oslo inafungua vitabu

Mambo yaligeuka kidogo kidogo, na hayakugeuka kwa sababu wageni walipenda komini. Yaligeuka kwa sababu waligombana na Kinshasa.

Congo iliingia mu mupango wa ITIE mu 2005. Ile ITIE inaomba jambo moja: kampani iandike kile imelipa, Leta iandike kile imepokea, mutu wa katikati alinganishe. Mu Mei 2011 serikali ilitoa dekre ya kuwa mikataba yote ya mine, ya petroli na ya miti itangazwe mu siku 60. Kisha Gécamines ikauzisha sehemu yake mu kampani Comide, na mukataba haukutangazwa wote. Mu mwisho wa 2012 FMI ikasimamisha programu yake na Congo juu ya jambo lile. Mu Aprili 2013 ITIE nayo ikasimamisha Congo kwa muda. Congo ilirudilia kazi, na mu Julai 2014 ikakubaliwa kama inchi yenye inafuata masharti.

Mutu wa Likasi angeweza kusema: ile ni mambo ya wakubwa, inanihusu namna gani? Inakuhusu kwa sababu masharti ya ITIE hayaishii Kinshasa. Yanaomba kuandika pia kile kampani inalipa kwa jimbo na kwa komini, na kile Kinshasa inapaswa kurudisha pamoja na kile imerudisha kweli. Kwa mara ya kwanza kulikuwa karatasi yenye mutu wa société civile wa Lubumbashi anaweza kushika mu mukono na kusema: hapa sheria inasema 15 %, hapa inasema mumetuma kiasi hiki. Mbele ya hapo, kila mutu alikuwa anajua kama franga hazifike, lakini mu Congo kujua bila karatasi ni sawa na masemi ya ku soko.

Na 2015 ikaongeza ingine. Majimbo 11 yakawa 26. Katanga ikapasuliwa: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Majimbo mapya yalikuwa na maguvernere, na maministre, na makabine, na mashimo mu barabara. Lualaba ilikuwa na mine kubwa kabisa. Haut-Lomami ilibakia na kidogo sana. Wote walikuwa wanahitaji franga kwa haraka, na wakapaza sauti.

Hesabu ya 2018

Sheria mupya ya mine iliwekwa sinyatire tarehe 9 Marsi 2018. Wakubwa wa kampani kubwa walikuwa wamefika Kinshasa kuongea na Raisi Kabila siku mbili mbele, wakitaka ibadilishwe. Hawakupata. Redevansi ya shaba ikapanda kutoka 2 % mpaka 3,5 %, na sasa inahesabiwa juu ya bei yote ya mauzo. Mu Novemba ya mwaka ule kobalti ikatangazwa kuwa ya lazima sana kwa inchi, na redevansi yake ikawa 10 %.

Lakini kwa hadisi yetu, kilicho kikubwa zaidi ni ugawanyaji. Kinshasa sasa inapata 50 %. Jimbo 25 %. Komini, sekta ao sheferi penye mine iko, 15 %. Na 10 % inaenda mu mufuko wa vizazi vijavyo (FOMIN). Na jambo la pili: kila mumoja analipwa ku konti yake mwenyewe. Kampani inapeleka sehemu ya komini ku banki ya komini. Haipite tena Kinshasa kulala pale miezi sita.

Tufanye hesabu. Kampani ikiuzisha shaba ya dola miliyoni 100, redevansi ni dola miliyoni 3,5. Kinshasa inapata 1 750 000, jimbo 875 000, mufuko wa vizazi 350 000, na komini 525 000. Ikiwa ni kobalti ya dola miliyoni 100, redevansi ni miliyoni 10 na komini inapata 1 500 000. Na ile sheria ya zamani, kwa shaba ileile, komini ingepata 300 000 hivi, mbele ya kutosha gharama za kampani, na kama Kinshasa ingekumbuka kurudisha.

Tunasema tena: franga hizi haziko zawadi ya Banki ya Dunia. Congo ilichukua sheria yenye ilisaidiwa kuandika na Washington, na ikaigeuza kwa faida yake mwenyewe, na kampani zikakasirika. Lakini bila vitabu vyenye ITIE ilifungua, watu wa hapa wangekuwa na nini cha kuonyesha kama ile namna ya kwanza haikufanya kazi? Masauti tu.

Sasa angalia kile kilifuata. Kugombana na Kinshasa kulipungua kidogo, kugombana kati ya majirani kukaanza. Karee ya kampani haifuatake mipaka ya sekta. Shimo liko mu sheferi moja, fabriki iko mu komini ingine, bwawa la maji machafu liko pengine kabisa. Nani anapata 15 %? Mipaka mingi ya sekta na sheferi iliandikwa wakati wa Wabeleji, na kitu kama "kuanzia ku muto mpaka ku mulima" kilikuwa kinatosha wakati udongo haukuwa na bei. Na guvernere, mwenye anapata 25 %, anaona sheferi ndogo inapokea franga kupita ile yeye mwenyewe anaweza kutia mu teritware nzima. Anashawishiwa kuweka mukono. Anaweza kuomba komini "ichangie" barabara ya jimbo. Bugumesta, mwenye alitiwa ku kiti na wakubwa na hakuchaguliwa na watu, atakataa namna gani?

Pale njo kuko kidonda. Sheria ya decentralisation ni ya 2008. Uchaguzi wa madiwani wa komini umefanyika kwanza mu Desemba 2023, na haukufika mu komini zote. Franga zilifika mbele ya demokrasia. Komini imepata konti ya mamia elfu ya dola, lakini haikuwa na baraza lenye kuuliza bugumesta: ile ya mwezi jana ulifanya nayo nini? Na ITIE, kitabu chake kinaandika kile kilitoka ku kampani na kile kilifika ku komini. Kile kilifanyika kisha, pale komini, si kazi yake ya kwanza. Kwa hiyo bugumesta anaweza kuwa safi kabisa mbele ya Oslo, na kalvati ya kartie yake ingali imebomoka.

Kuko mufuko mwingine wenye wengi wanachanganya na redevansi: ile 0,3 % ya mauzo ya mwaka ya kampani, yenye sheria ya 2018 inaamuru kwa maendeleo ya watu wa karibu na mine. Ile haiko ya bugumesta. Inaangaliwa na kamati yenye watu wa kampani na watu wa vijiji. Kwa dola miliyoni 100 za mauzo, ni dola 300 000. Ni jambo zuri, lakini mutu anapaswa kuona pia hatari: kamati inajenga masomo, komini inajenga masomo, kampani inajenga masomo na kupiga picha, na mwalimu, mwenye anapaswa kulipwa na Kinshasa, hakuna mwenye amemuhesabia.

Kule Mashariki ni rangi ya kijani

Mu Kivu, Maniema na Tanganyika, kwa makreuzeri wa kasiterite na koltani, wageni waliingia kwa njia ingine. Mu 2010 Marekani ilitia sheria juu ya madini ya vita. Mu Septemba ya mwaka uleule Raisi Kabila alifunga kazi ya mukono mu Kivu zote mbili na Maniema mpaka Marsi 2011, na familia nyingi zililala njaa. Kisha inchi za Maziwa Makubwa, kupitia CIRGL yenye makao yake iko Bujumbura, zikaweka namna ya kuhakikisha, na Congo ikaifanya lazima mu 2012. Ulaya nayo inaomba mambo ya namna ile tangu Januari 2021.

Sasa ili mufuko wa kasiterite utoke, mine inapaswa kuwa "kijani". Timu inafika, inaangalia kama kuko askari, watoto, mama wenye mimba mu mashimo, kisha waziri anaandika mu Kinshasa: kijani, manjano ao nyekundu. Zamani sultani na shefu wa karee njo walikuwa wanafungua ao kufunga. Leo sultani anaweza kukubali, guvernere anaweza kukubali, lakini bila karatasi ya waziri mufuko hauna tikiti, na bila tikiti hauna bei. Kupima kwa haki ni jambo zuri, askari walikuwa wanakula watu kwelikweli. Lakini tazama: kwa redevansi, wageni walisaidia nguvu itelemuke mpaka ku komini, kwa rangi, waliipandisha Kinshasa. Sheria za inje hazina upande moja. Zinasaidia yule mwenye karatasi yake inaombwa.

Kwa kobalti ya Kolwezi, ulizo lile liko njiani. Ulaya imeandika sheria ya mabateri, na masharti yake ya kuchunguza kobalti inatoka wapi yamesogezwa mpaka Agosti 2027. Wenye wananunua watauliza: karee hii ya mukono nani anaijua, nani anaihakikisha? Ikiwa jibu ni karatasi ya Kinshasa peke yake, komini na sheferi watakuwa wanaangalia makamio yakipita. Ikiwa komini imeshika daftari yake, inajua ni makreuzeri wangapi, mashimo gani, aksida ngapi, itakuwa na kitu cha kutia ku meza.

Kwa sasa, jambo lenye familia inaweza kufanya liko karibu. Ripoti za ITIE za Congo zinatangazwa, na vijana wenye telefone wanaweza kuzitafuta. Tafuteni jina la kampani, tafuteni jina la komini ao sheferi yenu, andikeni hesabu ku karatasi. Kisha mupeleke karatasi ile ku ofisi ya komini na muulize bajeti ya mwaka uleule iko wapi. Penye madiwani wamechaguliwa, muwapatie wao kwanza, kwa sababu kuuliza bugumesta hesabu njo kazi yenye muliwatuma kufanya.